Ngozi na Daftari: Utawala wa Kituo cha Utafiti ni Sehemu ya Sayansi

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiambiwa amchore mtaalamu wa sayansi, hapana shaka atamchora mtu mwenye koti jeupe aliyeinamia hadubini. Ni nadra mwanafunzi kumchora mtu aliyeketi mezani akiandika namba ya kichupa katika daftari, au akimfuatilia fundi aje kutengeneza friza kabla ya usiku kuingia. Picha ya kwanza si ya uongo, lakini ina upungufu. Sehemu kubwa ya kazi ya sayansi hufanyika mezani pale, na isipofanyika vema, yale yanayoonekana katika hadubini huwa hayana maana. Jambo hili hudhihirika zaidi katika vituo vya vyuo vikuu vinavyochunguza ngozi ya binadamu na maradhi yake.

Ngozi ni kiungo kikubwa cha mwili. Mtu mzima wa kimo cha kawaida ana ngozi yenye eneo la mita za mraba kati ya 1.5 na 2. Tofauti na ini au moyo, ngozi iko wazi: huonekana kwa macho, huguswa kwa mkono, na kipande chake chenye upana wa milimita 4 huweza kukatwa kwa dakika chache baada ya mgonjwa kuchomwa sindano ya ganzi. Wepesi huo umeifanya ngozi kuwa mlango mzuri wa kujifunzia jinsi seli zinavyozaliwa, zinavyokomaa na zinavyogeuka kuwa saratani. Wepesi huo huo umewashawishi baadhi ya watafiti kuitumia ngozi ya watu kana kwamba haina mwenyewe. Kilichowatenganisha watafiti wa namna hizo mbili mara nyingi si akili wala vyombo, bali namna vituo vyao vilivyotawaliwa.

Safari ya kipande cha ngozi

Ili kufahamu utawala huo ni nini, yafaa kukifuata kipande kimoja cha ngozi tangu kinapotoka kwa mgonjwa.

Kabla ya kisu kugusa ngozi, mgonjwa amekwisha kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, kipande kitatumiwaje, naye amekubali au amekataa. Maelezo hayo yalipitiwa kwanza na kamati ya maadili. Kipande kikisha kukatwa hupewa namba, na jina la mgonjwa hubaki katika orodha inayofungiwa mahali pengine. Sehemu moja ya kipande hutiwa katika formalini, kisha hugandishwa ndani ya nta na kukatwa vipande vyembamba vya mikrometa 5 hivi, yaani sehemu tano kati ya elfu moja za milimita, ili vitiwe rangi na kutazamwa. Sehemu ya pili huwekwa katika friza yenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, maana kemikali zinazobeba maagizo ya jeni huharibika upesi penye joto. Sehemu ya tatu huenda hutenganishwa seli zake na kuoteshwa katika bakuli, kwenye joto la nyuzi 37.

Kazi hiyo ya kuotesha seli za ngozi ilipata nguvu mwaka 1975, pale James Rheinwald na Howard Green, waliokuwa katika chuo cha MIT huko Marekani, walipoeleza njia ya kukuza kwa wingi seli za tabaka la juu la ngozi ya binadamu kwa kuzilaza juu ya seli za panya zilizozuiwa kugawanyika. Tangu hapo kipande kidogo cha ngozi kiliweza kuzaa ngozi nyingi mno, hata ya kuwafunika watu walioungua vibaya. Vituo vingi vya utafiti hupata seli hizo kutokana na ngozi inayoondolewa watoto wachanga wanapotahiriwa, ambayo vinginevyo ingetupwa.

Sasa msomaji afikiri: namba mbili zikibadilishana mahali, nini hutokea? Uvimbe usio na madhara huandikwa kuwa saratani, na saratani huandikwa kuwa uvimbe usio na madhara. Mtafiti atapata matokeo, atayapigia hesabu, atayachapa, na wengine watayafuata. Hadubini haiwezi kugundua kosa hilo, kwa kuwa inaonyesha kwa uaminifu kile ilichowekewa. Daftari peke yake ndilo linaloweza kumwambia mtafiti anatazama ngozi ya nani.

Nyuma ya safari hiyo zipo kazi nyingine ambazo wageni wa kituo hawazioni. Kemikali huagizwa kutoka mbali na zina tarehe ya mwisho wa matumizi. Zikiagizwa mapema mno huoza, zikiagizwa kwa kuchelewa utafiti husimama. Mashine ya bei kubwa hutakiwa na watu kumi kwa saa ile ile, na lazima pawe na utaratibu wa zamu usiompendelea mwenye cheo. Ruzuku hutolewa kwa masharti, nayo hutaka hesabu. Mwanafunzi mwenye wazo jipya, lakini asiye na jina, huhitaji fedha kidogo za kulijaribu wazo lake kabla halijaweza kushindana na mawazo ya wakubwa. Mtu mmoja lazima awajibike kwa kila jambo kati ya hayo.

Hoja ya wapinzani

Wapo wanaosema kwamba fedha za ofisi ni fedha zilizonyang'anywa maabara. Kwa hesabu yao, mshahara wa ofisa utawala mmoja ungetosha kumlipa fundi wa maabara, na fundi huleta matokeo ilhali ofisa huleta fomu. Hoja hii ina mvuto, hasa katika nchi ambazo fedha za utafiti ni haba. Lakini haifikirii hasara ya vitu vinavyopotea bila mtu kuvitazama.

Mwaka 2012, katika hospitali ya McLean karibu na Boston, hospitali inayoshirikiana na Chuo Kikuu cha Harvard, friza moja ya hifadhi ya bongo za marehemu iligunduliwa kuwa imeharibika. Kipimajoto cha nje kilionyesha baridi ya kawaida, na ving'ora viwili vilivyowekwa kwa ajili hiyo havikulia. Bongo zipatazo 150 ziliathirika, na karibu theluthi moja ya hizo zilitoka kwa watu waliokuwa na usonji, ambazo kupatikana kwake ni kwa nadra sana. Familia zilizotoa bongo za wapendwa wao hazikuweza kuzitoa mara ya pili. Tukio hilo halikuhusu ngozi, lakini friza za vituo vya ngozi ni za namna ile ile, na hata katika nchi tajiri ving'ora viwili havikutosha. Kituo ambacho umeme wake hukatika mara kwa mara kina haja kubwa zaidi ya mtu ambaye kazi yake ni kufungua mlango wa friza, kusoma kipimajoto cha ndani, kuandika na kutia sahihi.

Lakini kuokoa vifaa na sampuli si sababu kubwa kupita zote. Sababu iliyo kubwa zaidi ilionekana katika mji wa Philadelphia.

Gereza la Holmesburg

Kuanzia mwaka 1951 hadi 1974, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Albert Kligman, aliendesha majaribio katika gereza la Holmesburg mjini Philadelphia. Wafungwa, wengi wao watu weusi, walilipwa fedha kidogo ili migongo na mikono yao ijaribiwe sabuni, manukato, poda, dawa na kemikali za makampuni na za jeshi. Wengi hawakuelezwa waziwazi ni kitu gani kilichopakwa juu ya ngozi zao. Miongoni mwa kemikali hizo ilikuwamo dioksini, sumu kali iliyopakwa ngozini mwa wafungwa wapatao 70 katikati ya miaka ya 1960.

Yafaa msomaji atambue kwamba Kligman hakuwa mtu asiyejua sayansi. Alikuwa miongoni mwa madaktari wa ngozi mashuhuri wa zama zake, na jina lake limefungamana na dawa ya chunusi itokanayo na asidi ya vitamini A ambayo hutumiwa duniani kote. Akili alikuwa nayo, na maabara alikuwa nayo. Kilichokosekana ni mamlaka nje yake iliyoweza kumwuliza: watu hawa wamekubali nini, wamepakwa nini, kwa kiasi gani, na nani atawaangalia miaka kumi ijayo? Mwaka 1966 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa ilimsimamisha kufanya majaribio ya dawa kwa sababu ya kasoro, zikiwamo kasoro katika kumbukumbu zake. Kabla ya muda mrefu kupita alirudishiwa ruhusa, na majaribio yakaendelea.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Huko Holmesburg waliopotea bila habari walikuwa watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ilipotaka kuwafuatilia wale waliopakwa dioksini ili ijue yaliyowapata, kumbukumbu za kuwatambua hazikupatikana. Mwaka 2000 wafungwa wa zamani walifungua kesi. Mahakama iliitupa kwa kuwa muda uliowekwa na sheria ulikuwa umepita. Chuo kiliomba radhi mwaka 2021, na mji wa Philadelphia ukafanya hivyo mwaka 2022. Kligman mwenyewe alikwisha kufariki mwaka 2010.

Kashfa hii, pamoja na nyingine za wakati ule, ndiyo iliyosababisha kutungwa kwa taratibu ambazo watafiti vijana leo huziona kama usumbufu. Sheria ya Utafiti ya Marekani ilipitishwa mwaka 1974, na Ripoti ya Belmont, iliyoeleza misingi ya kumheshimu mtu anayefanyiwa utafiti, ilitolewa mwaka 1979. Majaribio ya aina ya Holmesburg juu ya wafungwa yakapigwa marufuku. Kila mstari wa fomu ya ridhaa, kwa hiyo, umetokana na jambo ambalo hapo awali lilifanywa bila fomu.

Kituo kinavyoweza kupangwa

Katika miaka ya karibuni, Chuo Kikuu hicho hicho cha Pennsylvania kimekuwa na kituo cha biolojia na magonjwa ya ngozi kilichogharimiwa na taasisi ya taifa ya Marekani ya magonjwa ya viungo, misuli na ngozi, iliyoundwa mwaka 1986. Vyuo vingine vya nchi hiyo vimepata vituo vya mpango huo huo. Mpango wenyewe unastahili kuangaliwa, kwa kuwa fedha zake hasa hazigharimii utafiti wa profesa huyu au yule. Hugharimia vitengo vya pamoja: kitengo cha kukuza seli, kitengo cha kukata na kutia rangi vipande vya ngozi, kitengo cha kusoma jeni, na mafungu madogo kwa majaribio ya mwanzo. Juu ya vyote huwekwa kitengo cha utawala chenye bajeti yake, ambacho hugawa huduma, hupima kama kila kitengo kingali na faida, na hupokea ushauri wa wataalamu kutoka nje ya chuo. Waliobuni mpango huo wamekubali kwamba utawala ni chombo cha utafiti, sawa na hadubini.

Hata hivyo, haki itendeke kwa wanaolalamika. Utawala nao huugua. Ipo ofisi inayodai sahihi sita ili chupa moja ya spiriti itoke stoo, na ipo kamati inayokaa miezi mingi na maombi ya mwanafunzi hadi muda wake wa masomo unakwisha. Ofisi ya namna hiyo huwafundisha watu kukwepa taratibu, na hatimaye hukwepwa hata zile zilizo za lazima. Kipimo cha fomu nzuri si kigumu. Fomu yafaa ama imlinde mtu aliyetoa ngozi yake, ama imwezeshe mtu mwingine kufuata nyayo za kazi iliyofanyika, iwe ni ya sampuli au ya fedha. Fomu isiyofanya lo lote kati ya hayo na ifutwe.

Mambo haya katika Afrika ya Mashariki

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya ni ya nchi zenye fedha. Sivyo. Tangu mwaka 1992 hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa na kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanzishwa kwa ushirikiano wa serikali ya Tanzania na Shirika la Kimataifa la Taaluma ya Ngozi. Maofisa tabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika wamesoma hapo kwa miaka miwili na kurudi makwao kutibu upele, ukurutu, mba, ukoma na maradhi mengine ambayo huwapata watu wengi kuliko madaktari bingwa wanavyoweza kuwafikia. Mjini Moshi, pia, mafuta ya kukinga jua yametengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina melanini ya kutosha na hushambuliwa na saratani wangali vijana.

Kazi ya kuwakinga watu hao hutegemea daftari zaidi kuliko inavyodhaniwa. Kidonda kidogo kinachoonekana leo juu ya sikio la kijana mwenye ualbino chaweza kuondolewa kwa urahisi; kikiachwa miaka miwili chaweza kumwua. Kwa hiyo lazima iandikwe alionwa lini, wapi, na atafikiwaje ikiwa hakurudi. Mafuta nayo yapaswa kuwa na namba ya kila pishi, ili lisilo sawa likigunduliwa lifuatwe na kurudishwa. Kazi hii haina sifa magazetini, wala haimpatii mtu uprofesa.

Tena lipo suala la sampuli kuvuka mipaka. Kipande cha ngozi kilichotolewa Moshi au Mwanza chaweza kupelekwa Ulaya au Marekani kusomwa jeni zake. Tanzania hutaka yawepo mapatano ya maandishi kabla sampuli haijasafirishwa, na jukumu hilo limo mikononi mwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Watafiti wa nje, na wakati mwingine wa ndani, hulinung'unikia sharti hilo kwa kuwa huchelewesha kazi. Lakini anayeijua habari ya Holmesburg hawezi kulidharau. Hati hiyo ndiyo itakayomwezesha mjukuu wa aliyetoa ngozi kuuliza iko wapi, nani anaitumia na kwa faida ya nani.

Kwa hiyo vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki vinavyo mambo ya kuamua. Desturi iliyoenea ni kumchukua mtafiti hodari na kumfanya mkurugenzi, kisha kumwachia funguo, risiti na barua zote. Matokeo yake, chuo humpoteza mtafiti mzuri na hupata karani asiyefunzwa. Mkurugenzi na awe mwanasayansi, lakini kando yake awepo ofisa utawala aliyesomea kazi hiyo, na mshahara wake utoke katika bajeti ya kudumu ya chuo, si katika ruzuku inayokwisha baada ya miaka mitatu. Daftari linalotunzwa na mtu wa muda huondoka naye. Sehemu ya kila ruzuku itengwe kwa ajili ya kutengeneza vyombo, maana mafriza na mashine zinazosimama kwa kukosa kipuri kimoja ni hasara isiyoandikwa po pote. Na katika kamati za ushauri wakae pia wenye ngozi zenyewe: watu wenye ualbino, waliopata kuugua ukoma, na wazazi wa watoto wenye ukurutu. Hao watauliza maswali ambayo maprofesa hawayafikirii.

Walimu wa sekondari nao wana sehemu yao, na si ndogo. Katika stoo nyingi za maabara za shule huonekana chupa zisizo na kibandiko, ambazo hakuna anayethubutu kuzitumia wala kuzimwaga. Mwalimu wa kemia au biolojia na amkabidhi mwanafunzi mmoja kila muhula daftari la stoo: aandike kilichoingia, kilichotoka, tarehe na jina la aliyekichukua, na mwishoni ahesabu mbele ya darasa. Hesabu isipokubaliana na vilivyomo rafuni, darasa litafute pamoja kosa lilitokea siku gani. Mwanafunzi atakayepitia zoezi hilo, siku moja akikabidhiwa funguo za friza lenye ngozi za wagonjwa elfu moja, atajua la kufanya kabla ya kuambiwa.